Wifi Yangu Ataniosha Miguu, na Mguu Una Kidonda

Mpendwa Mama Iva,

Naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema, usiniambie nihame, maana kama ni hilo tu ninao watu wa kuniambia kila siku na wala hawatumii stempu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tatu, nakaa hapa Ohio, kaunti ya Holmes, kwenye nyumba ambayo marehemu mume wangu Emery na mimi tuliijenga wenyewe, yeye akipigilia misumari na mimi nikimpa mmoja mmoja, na ninao ng'ombe wawili, bustani, farasi mmoja mwenye kiburi kunishinda mimi, na kisukari ambacho sikukialika. Jina langu la kweli nimeliandika nyuma ya bahasha, gazetini niite Saloma.

Shida yangu ni miguu. Ilianza mwaka juzi kwenye ibada, siku hiyo ibada ilikuwa nyumbani kwa jirani yetu, tumekaa kwenye mabenchi tunaimba polepole kama tunavyoimba siku zote, nikahisi nimevaa soksi nene, nikainama kutazama nikajikuta niko peku. Tangu siku hiyo, hiyo soksi isiyokuwepo imepanda mpaka kwenye vifundo, na ndani yake kuna mambo mawili yasiyopatana hata kidogo, ganzi na moto. Mchana naweza kukanyaga kokoto nisijue, halafu nikijilaza shuka ikinigusa vidole naruka nusura nigonge ukuta, sasa wewe niambie mguu usiosikia kokoto unaisikiaje shuka. Nilichoka nikachukua kreti la matofaa, nikalipindua nikaliweka chini ya blanketi kwenye miguu, likainua shuka juu, na sasa nalala miguu ikiwa na kibanda chake yenyewe.

Nisingekuandikia kwa ajili ya hilo, nimeshazoea. Ninayekuandikia habari zake ni wifi yangu Drusilla, dada yake Emery. Hakuolewa, na anakaa kwenye ile nyumba ndogo ya wazee ambayo mwanangu Delbert ameijenga ubavuni mwa nyumba yake. Ina vyumba viwili, kimoja ni cha Drusilla, cha pili kinanisubiri mimi. Kila Delbert akija kuniletea kuni lazima akitaje.

"Mama, chumba chako tumeshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Basi mpe mtu anayependa nyeupe."

"Mama, si nataka tu uwe karibu nasi? Shangazi Drusilla anasema ukianguka huku nani atajua?"

Unaona? Shangazi Drusilla anasema. Delbert ni mtoto mzuri, kichwani kwake hayo maneno hayakuota, yamepandwa.

Na Drusilla mwenyewe haishi kuchungulia. Juzijuzi nilimchukua kwenye kigari changu cha farasi twende dukani, maana kanisani kwetu hatuendeshi magari, farasi akawa anavuta kwa shida, anahema, na mimi namhimiza, tumefika karibu na kiwanda cha jibini wifi akaanza.

"Wifi, hivi unaendesha farasi au unalima barabara?"

"Mvivu tu huyu leo."

"Uvivu gani, husikii magurudumu yananuka? Toa mguu kwenye breki!"

Nikatazama chini. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki, nimeikandamiza tangu tulipotoka uani kwangu. Waingereza, ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kanisa letu, waliokuwa nyuma yetu na magari yao walikuwa wanapiga picha.

"Haya," akasema, "nyumba imekushinda, farasi amekushinda, mguu wako mwenyewe umekushinda. Unangoja nini kingine kikushinde?"

"Nangoja wewe uishiwe maneno," nikamwambia.

Sasa sikia lililonipata. Siku ya kutia bitruti kwenye chupa kwa ajili ya baridi, chupa moja ilipasuka asubuhi kwenye sufuria, nikafagia vipande nikaendelea, na wewe unajua bitruti ilivyo, mikono ilikuwa myekundu, aproni nyekundu, sakafu nyekundu, nikapiga deki. Nikageuka nikaona nyayo nyekundu sakafuni, nikapiga deki tena, nikageuka zipo vilevile, nikawa naisema bitruti kama mtu mzima mwenzangu, mpaka nikaona kwamba nyayo zile ni za mguu mmoja. Nikakaa kwenye kiti nikageuza unyayo. Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia chini ya kidole gumba, nami nimetembea nacho tangu kifungua kinywa, nimekamua, nimechota maji, nimebeba kuni, na sikusikia chochote.

Sikumwambia mtu. Nilikitoa, nikapaka ile malhamu yetu ya asali, nikafunga kwa majani mapana tunayoyachemsha kufungia vidonda, nikavaa soksi nyeusi juu yake. Siku ya pili nikaloweka mguu kwenye maji ya moto na chumvi, sikusikia joto nikaongeza maji kutoka kwenye birika, sikusikia tena nikaongeza tena, na nilipoutoa ngozi ya kisigino ilikuwa inabanduka. Basi nikaacha kuloweka. Sasa wiki zimepita, kidonda kimefanya mdomo, pembeni peupe, katikati pana weusi kidogo, na kina kaharufu, lakini hakiumi, namshukuru Mungu hakiumi hata kidogo.

Tatizo ni kwamba Jumapili inayofuata baada ya hii ni Ushirika wetu wa vuli, na baada ya mkate na divai wanawake tunaingia chumba chetu, ndoo na taulo zinaletwa, tunaoshana miguu wawili wawili. Sisi tunakaa kwa umri. Drusilla na mimi tumezaliwa mwaka mmoja, kwa hiyo tangu nilipoolewa ni mimi na yeye, ndoo moja, taulo moja, kila masika na kila vuli, nimemwosha miguu yule mwanamke kuliko nilivyowaosha wanangu. Nikivua soksi ataona. Akiona, Delbert atajua kabla supu haijapoa, na Delbert akijua shemasi atajua, na shemasi akijua watakuja na mikokoteni wanihamishe vyombo kwa upendo, watu ishirini wakiimba, na ukihamishwa kwa upendo huwezi kukataa.

Na usidhani yeye anaosha kwa unyenyekevu. Majira ya joto yote, sote tuko peku, wazee kwa watoto, yeye amevaa viatu na soksi nyeusi mwezi wa saba, jasho linamtiririka, nikamwuliza wifi unakwenda harusini, akasema, "Kila mtu na miguu yake." Majivuno matupu. Siku hizi hata akitembea hatazami watu, anatazama sakafu hatua kwa hatua kana kwamba sakafu za watu si safi, na kwenye ghala langu la chini hashuki tena, anasimama mlangoni anasema nimletee mimi. Na Ushirika wa masika uliopita, mke wa shemasi alileta maji karibu yachemke, wanawake wengine walitoa miguu wakipiga kelele, mimi nilitia mikono nikaichomoa, lakini Drusilla alikuwa ameshatumbukiza miguu yote miwili na ametulia anatazama mbele kama mtakatifu. Nikajisemea, mwone huyu, hata maji ya moto anataka kutushinda. Baada ya hapo hakuonekana kwenye kushona mablanketi ya viraka kwa majuma, eti mafua.

Mara moja tu hakunisema. Alipita chumbani kwangu kuchukua kitambaa akaona lile kreti chini ya blanketi. Nilijiandaa kwa matusi. Akasimama pale akaligusa, akauliza tu, "Na linasaidia?" Nikamjibu halimhusu.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku yetu ya kupatana, kila mtu anaulizwa kama ana amani na wote, nami nikasema ninayo, na nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Drusilla natamani kumkanyaga, ingawa kwa miguu hii nisingejua kama nimempata. Sasa nimesema uongo mbele ya kanisa, na nakwenda mezani na uongo huo na kidonda juu yake.

Mama Iva, nifanye nini? Nijifanye naumwa nisiende? Lakini asiyekwenda Ushirika wote wanajua ana jambo moyoni na watakuja kuuliza. Nivue soksi moja tu? Nimwombe Mattie, anayenifuata kwa umri, tubadilishane viti? Niambie lolote, ila kuhama sihami. Nilimpa Emery misumari ya nyumba hii kwa mikono yangu, na nitatolewa humo nikiwa nimelala chali.

Ni mimi,
Saloma, ambaye hajashindwa


MAMA IVA ANAJIBU

Saloma, mama yangu,

Jibu hili nimelituma kwako kwa posta ya haraka kabla ya kumpa mhariri, kwa sababu mguu wako haungoji mchapaji. Kama unasoma haya na bado hujaonwa na daktari, weka karatasi mezani, nenda kwenye kibanda cha simu, mwite dereva, nenda hospitali. Leo. Si baada ya Ushirika, si baada ya kukamua. Mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi la kungojea, na ukifika useme maneno haya wazi: nina kisukari, sisikii miguu, nina kidonda chenye weusi na harufu. Ukisema "nimejikata kidogo" watakuweka nyuma ya mtu mwenye kikohozi. Na ukiona homa, au wekundu unapanda mguuni, hapo hakuna cha kungojea dereva, piga simu waje na gari la wagonjwa.

Sasa nikuseme kidogo. Umeandika kwamba unamshukuru Mungu hakiumi. Mama, kutouma ndio ugonjwa wenyewe! Maumivu ni mbwa wa mlangoni, na mbwa wako amelala, sasa wewe unafurahi kwamba usiku umekuwa kimya. Mume wangu Orvan, naye alikuwa na kisukari kama wewe, baada ya siku ya kuvuna, alivua buti akakuta punje moja kavu ya hindi ndani. Punje moja. Alikuwa ametembea juu yake kutwa nzima, ikamtoboa kidonda. Naye alisema hakiumi, naye alipaka malhamu, na mimi nilimzika na mguu mmoja. Kwa hiyo usinisimulie ushujaa wa kidonda kisichouma, huo nimeshaupikia na kuufulia.

Malhamu yako ya asali siitukani, mama yangu aliitengeneza. Lakini ni ya mtu anayesikia. Wewe huwezi kujitibu kwa kusikiliza mwili wako, maana mwili wako hausemi kuanzia vifundo kwenda chini. Na maji yale ya birika, ungekuwa mbele yangu ningekupiga kwa mwiko.

Haya, nimemaliza kukusema, kwa hilo.

Kuhama sikwambii. Umenikataza, lakini hata usingenikataza nisingekwambia. Ganzi haimfukuzi mtu nyumbani kwake, inamfukuza yule anayejifanya hana. Unataka kubaki na nyumba? Basi pigana nayo kwa akili. Ukaidi unao wa kutosha kijiji kizima, ila umeuelekeza kwa wifi na mwanao, watu wasiokuwa na kosa, huku chupa, breki na birika vinakumaliza.

Kwanza, peku imekwisha. Ndani, nje, kiangazi, kwenda kumwaga maji ya sahani, hata kutoka kitandani kwenda dirishani. Najua ninachokuomba. Najua Mei ikifika na nyasi zikiwa laini utanilaani kimoyomoyo. Vaa. Nunua viatu saa za alasiri, wakati miguu imeshavimba, vyenye nafasi mbele, na usimwamini mguu wako kukwambia kama kiatu kinabana, tumia vidole vya mkono. Kabla ya kuvaa, kitikise kiatu, utie mkono ndani upapase. Punje ya Orvan isikupite.

Maji ya kuoga na ya kuosha, kipima joto. Wewe unapika jamu, kipima joto cha sukari unacho, nunua kingine cha miguu, na usikitumie hicho hicho kwenye jamu. Ukikosa, tumia kiwiko. Hakuna matofali ya moto kitandani, hakuna chupa ya maji ya moto, hakuna kuegesha miguu kwenye mlango wa jiko. Usikate sugu kwa wembe. Kausha katikati ya vidole, mafuta paka juu na chini lakini katikati usipake.

Kigari chako mpelekee fundi akuwekee breki ya mkono. Wapo wenye mguu wa bandia wanaoendesha hivyo. Mpaka atakapomaliza, hushiki hatamu. Siku farasi atakapostuka mbele ya lori na mguu wako ukadhani uko kwenye breki kumbe uko kwenye kapu la mayai, hutakuwa peke yako barabarani.

Ule moto nao una dawa. Hairudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa, lakini inaupunguza, mwambie daktari jinsi shuka inavyokurusha, usimwonee haya. Sukari uishushe, hilo unalijua, na pai za Jumapili zinalijua pia. Lakini kreti lako la matofaa limenifurahisha. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na sijaona kitu bora kuliko hicho. Liache pale pale.

Daktari akikwambia usikanyage mguu huo kwa muda, usiukanyage. Atakupa magongo au kiti cha magurudumu, utakwenda nacho hata kanisani. Na hao ng'ombe, Delbert atakamua. Najua hilo linakuchoma kuliko shuka. Basi mwambie hivi: unamkopesha ng'ombe, humpi. Mguu ukipona unawarudia.

Sasa nije kwa wifi yako, maana hapo ndipo niliposoma barua yako mara ya pili nikavua miwani.

Saloma, umeniandikia mwanamke anayevaa viatu na soksi mwezi wa saba wakati kaunti nzima iko peku. Umesema anatembea akitazama sakafu hatua kwa hatua. Hashuki kwenye ghala la giza, mahali ambapo mtu hawezi kuona anakokanyaga. Alitumbukiza miguu yote miwili kwenye maji yaliyokuchoma wewe mikono, akakaa ametulia, kisha akapotea majuma kwa mafua. Mafua yapi hayo? Na alipoona kreti chini ya blanketi hakucheka, aliuliza kama linasaidia. Mtu ambaye shuka haimchomi hana haja ya kuuliza swali hilo.

Sijamwona miguu, na siwezi kumpa mtu ugonjwa kwa posta. Lakini wewe umemwosha miguu hiyo maisha yako yote na bado hujaitazama. Ulikuwa unatazama uso wake, unatafuta majivuno.

Nadhani wifi yako anaogopa kuanguka peke yake kwenye kile chumba cheupe, na kwa kuwa hajui kuomba, anatoa amri. Nadhani alikwambia utoe mguu kwenye breki kwa haraka vile kwa sababu yeye mwenyewe alishaacha kuendesha kimyakimya, ndiyo maana siku hiyo alipanda kwako. Alipokutajia vitu vilivyokushinda, huenda alikuwa anahesabu vyake.

Kwa hiyo hapana, hutajifanya unaumwa, na Mattie mwache akae kwenye kiti chake. Daktari akikuruhusu kutoka, nenda. Kabla ya ibada muone mke wa shemasi, mwambie safari hii maji utapima wewe, na upime kwa kipima joto, si kwa mkono. Mguu wenye kidonda usiuingize kwenye ndoo ya watu. Utaoshwa ule mzima, huo mwingine utauonyesha na bendeji yake, na hapo ndipo utakapolipa ule uongo wa siku ya kupatana.

Zamu yako ya kuosha ikifika, piga magoti. Usimwoshe haraka haraka kama unavyomsugulia mgeni sahani. Shika kisigino cha Drusilla, geuza unyayo, utazame. Nikiwa nimekosea, niandikie nitachapa hapa kwamba Iva amezeeka, na wewe na wifi yako mnicheke pamoja, itakuwa mara yenu ya kwanza. Nisipokuwa nimekosea, usipige kelele, watu wanaimba. Mkaushe taratibu, katikati ya vidole, kisha mwambie kwa sauti ndogo jibu ambalo ulimnyima chumbani: "Linasaidia, wifi. Njoo nyumbani nikutafutie kreti lako."

Halafu kaa wewe kwenye kiti, uvue soksi, naye atazame.

Kwa maana kuna jambo moja ambalo sikukuandikia huko juu, nililiacha makusudi. Miguu yenye ganzi lazima itazamwe kila siku, chini, kisigino, katikati ya vidole, na mtu wa miaka sitini na tatu mwenye mgongo kama wako na wangu hawezi kuutazama unyayo wake vizuri, hata akiwa na kioo. Anahitaji mtu mwenye macho mazuri na asiyemwonea haya. Unaye. Ana macho makali kiasi kwamba yamekukera tangu ulipoolewa. Kama jambo la kuoshana ninyi mnalifanya mara mbili kwa mwaka mbele ya kanisa, mnaweza kulifanya kila asubuhi jikoni kabla ya kahawa, bila wimbo.

Akikubali, ahamie yeye kwako. Nyumba yako ina chumba cha chini karibu na jiko, hilo hukuniambia, lakini sijaona nyumba yenu ya kujengwa kwa mkono isiyokuwa nacho. Mtagombana, hilo nalijua, mgombane mkiwa mmevaa viatu.

Na kile chumba cheupe, mwambieni Delbert aweke viazi.

Mama Iva